Dhamana ya Aliyeiunga

Mtu anunuaye kompyuta iliyotoka kiwandani hali imefungwa katika sanduku lake, na juu yake jina la kampuni moja, hununua pamoja nayo mahali pa kupeleka malalamiko. Lakini yule aliyenunua mazabodi kwa mtengenezaji huyu, prosesa kwa yule, RAM kwa wa tatu, kadi ya grafiki kwa wa nne, na pawasaplai kwa mfanyabiashara ambaye kesho huenda amekwisha kuhama duka lake, kisha akaketi na bisibisi akaviunga vyote vikawa mashine moja, huyo hana wa kumshitaki ila nafsi yake. Kila mtengenezaji aweza kuapa, tena kwa haki, kwamba kitu chake kilikuwa kizima kilipotoka mikononi mwake. Hakuna hata mmoja aliyeapa kwamba vitu hivyo vitakaa pamoja kwa amani. Kiapo hicho cha mwisho, ambacho hakikuandikwa popote katika karatasi za dhamana zilizomo ndani ya maboksi, kimebaki kwa aliyeviunga, naye aghalabu hajui kuwa amekwisha kukila mpaka asubuhi ile anapobonyeza kitufe cha kuwashia, akaona alama ya mazabodi, akaona vidoti vikizunguka chini yake, kisha skrini ikageuka buluu yote, mashine ikajizima, ikajiwasha, na kurudia yale yale bila ya kufika mwisho.

Asubuhi ya namna hiyo huja mara nyingi baada ya jioni ambayo mtu alibadilisha draiva. Nimeona watu wengi wakiipokea kwa hasira, na wengine kwa kukata tamaa, nami naamini kwamba inastahili kupokewa kwa fikira, kwa sababu ndani yake mna suala ambalo ni kubwa kuliko mashine: ikiwa kila kiungo ni kizima na jumla yake ni mbovu, nani mwenye jukumu la kile kilicho baina ya viungo?

Uhuru wa kuunga kompyuta kwa mkono una tarehe yake. Tarehe 12 Agosti 1981 kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta yake ndogo, na kwa kuwa ilitaka kuiwahisha sokoni, haikuitengeneza kwa vitu vyake yenyewe, bali kwa vitu vilivyokuwa vikiuzwa tayari, prosesa 8088 ya Intel ikiwa mojawapo. Tena ikatoa kitabu cha ufundi chenye michoro ya saketi na maagizo yote ya bayosi, yaani programu ya kwanza ya kuiamsha mashine, yaliyoandikwa mstari kwa mstari, aliyetaka akasoma. Mwaka uliofuata Compaq ilitangaza mashine iliyofanya kazi zile zile, na bayosi yake ikiwa imeandikwa upya pasipo kunakili ya IBM. Mwaka 1995 Intel ikatoa kanuni ya ATX, iliyopanga matundu ya skrubu yawe wapi, pawasaplai iwe ya umbo gani na waya zake zitoe volti ngapi. Kwa sababu ya watu hao, ambao wengi wao hawakuwahi kuonana, fundi wa Kariakoo leo aweza kutoa pawasaplai kutoka mashine iliyokufa na kuitia katika nyingine ya kampuni tofauti kabisa, nayo ikakaa, skrubu zikaingia, taa ikawaka. Neema hiyo si ndogo, wala sipendi kuisikia ikidharauliwa na wale wanaosema kwamba kompyuta za kuunga ni za watu wasio na fedha. Lakini mapatano hayo ni ya matundu, volti na waya. Juu ya tabia ya vitu vikishawashwa hayakusema mengi, na pengo lililoachwa hapo ndilo linalozibwa na draiva.

Draiva ni programu inayoandikwa, kwa kawaida, na yule yule aliyetengeneza kitu, ili mfumo wa kompyuta upate kukitumia kitu hicho: kadi ya grafiki ina yake, sauti ina yake, na diski, na mtandao, na printa, kila kimoja na yake. Jambo ambalo watumiaji wengi hawalijui, nalo ndilo asili ya msiba wenyewe, ni mahali programu hiyo inapokaa. Prosesa za jamii hii, tangu ile 80286 ya Intel ya mwaka 1982, zina daraja nne za mamlaka, kuanzia sifuri hadi tatu, na mifumo mikubwa hutumia mbili tu kati ya hizo. Katika daraja ya tatu hukaa programu za kawaida, za kuandikia, za kuhesabia na za kutazamia picha. Katika daraja ya sifuri hukaa kerneli, yaani kiini cha mfumo, ambayo yaweza kusoma na kuandika popote katika kumbukumbu za mashine pasipo kuomba idhini. Programu ya daraja ya tatu ikikosea, mfumo huifunga na mengine yakaendelea. Draiva nyingi, ilhali zimeandikwa na watu ambao mwenye mfumo hakuwachagua, hukaa katika daraja ya sifuri. Huko hakuna aliye juu yake wa kuizuia. Ikiandika neno moja mahali pasipo pake, huenda imeandika juu ya orodha ya mafaili ya mwenye mashine, au juu ya kumbukumbu za draiva nyingine ambayo haikuikosea lolote.

Amana hii ya kuachiwa draiva zikae ndani ya kerneli haikutolewa bila ya kufikiriwa. Windows NT ya kwanza, iliyotoka mwaka 1993 chini ya uongozi wa Dave Cutler, iliacha sehemu kubwa ya kazi ya kuchora madirisha nje ya kerneli, NT 4.0 ya mwaka 1996 ikaiingiza ndani kwa kutafuta kasi. Na Vista, ilipofika mwishoni mwa mwaka 2006, ikaigawa draiva ya grafiki sehemu mbili, moja ndani na moja nje, na kuweka kanuni kwamba kadi isipojibu kwa muda wa sekunde 2 ijaribiwe kuanzishwa upya yenyewe, kabla mashine nzima haijaanguka. Vista hiyo hiyo, katika umbo lake la biti 64, ilianza kukataa draiva yoyote ya kerneli isiyo na saini ya mwenyewe. Wengi wameifahamu vibaya saini hiyo. Inathibitisha nani aliyeileta draiva, na kwamba haikubadilishwa njiani. Haithibitishi kwamba aliyeiandika hakukosea hesabu. Mwaka 2003 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha Washington, Swift, Bershad na Levy, waliandika kwamba katika maanguko ya Windows XP yaliyokuwa yakiripotiwa wakati ule, asilimia 85 yalitokana na draiva. Kila nikiikumbuka hesabu hiyo huona ajabu jinsi watu wanavyobadilisha draiva kwa wepesi, usiku wa manane, kwa sababu tu dirisha dogo limejitokeza pembeni mwa skrini likasema kwamba ipo mpya.

Nimesema msiba, nami sina budi kueleza kwamba skrini ya buluu siihesabu kuwa ndio msiba. (Katika Windows 11 imeanza kuwa nyeusi tangu mwaka 2025, lakini watu wataiita ya buluu kwa muda mrefu.) Kerneli inapogundua kwamba limetokea jambo ambalo, kwa kanuni zake, halikuwa la kutokea, ina njia mbili: kuendelea kana kwamba haikuona, na pengine kuandika upotovu huo katika diski pamoja na kazi halali ya mwenye mashine, au kusimama pale pale. Huchagua kusimama. Kabla ya kusimama hujitahidi kuandika katika diski kumbukumbu za saa yake ya mwisho, na huonyesha msimbo wa sababu: 0x0000000A, programu ya kerneli ilipogusa anwani ya kumbukumbu isiyoruhusiwa kuigusa wakati ule, 0x0000007B, mfumo usipoweza kuifikia diski unayotaka kuanzia, kama itokeavyo mtu akibadilisha katika bayosi namna ya kuendesha diski, ilhali mfumo haukuwa umejiandaa na draiva ya namna hiyo mpya, 0x00000116, kadi ya grafiki iliponyamaza, ikajaribiwa kuamshwa, isiamke. Mashine inayosimama namna hii imemhifadhia mwenyewe mali yake, na hilo ni tendo la uaminifu. Anayeipiga teke kwa kusimama kwake ameikosea adabu.

Nikiwa Kariakoo, katika duka dogo la fundi mmoja mtu mzima ambaye maisha yake yamepita katika kutengeneza redio, kisha televisheni, na sasa kompyuta, nilipata kuitazama kazi hii ikifanywa kama ipasavyo. Kijana mmoja, ambaye riziki yake ni kuhariri picha za video za harusi, aliileta mashine aliyoiunga mwenyewe, kasha lake likiwa na kioo ubavuni. Akaamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikiwa, akakaribishwa kigoda, akaanza kueleza: jana usiku aliweka draiva mpya ya kadi ya grafiki, na tangu hapo mashine haifiki mezani, yaani kwenye skrini ya kufanyia kazi. Harusi ilikuwa Jumamosi iliyopita, na wenyewe walikuwa wakipiga simu kutaka kanda yao.

Fundi hakufungua kasha. Aliiwasha mashine akaiacha ianguke mbele ya macho yake, akaandika msimbo juu ya kipande cha karatasi, nao ulikuwa ni ule wa 116. Kisha akaiacha ishindwe tena, kwa maana Windows ikishindwa kuanza kwa mfululizo huleta yenyewe ukurasa wa matengenezo, na katika ukurasa huo akaingia sefu modi, yaani ile hali ambayo mfumo huanza na draiva chache za msingi tu. Mashine ikafunguka. Picha zilikuwa kubwa na chafu, kama ziwavyo kadi ikiendeshwa na draiva ya kawaida isiyojua uwezo wake, lakini meza ilionekana, na mafaili ya harusi yalikuwapo yote. Kijana akashusha pumzi, akasema, "Umeona, mzee? Draiva ndiyo mbovu."

Hapa ndipo nilipomheshimu yule mtu, kwa sababu hakukubali wala hakukanusha. Alifungua folda ya Minidump iliyomo ndani ya folda ya Windows, akakuta mafaili madogo yaliyopangwa kwa tarehe, akayasoma moja moja kwa programu yake, na katika kila moja jina lililotajwa lilikuwa ni lile lile, la draiva ya grafiki. Mtu mwingine angaliona kesi imekwisha. Lakini kadhi mwenye insafu hamhukumu mtu kwa kuwa alikutwa mahali pa tukio, na faili lile halisemi zaidi ya hayo: linataja programu ambayo mikononi mwake mambo yaliharibika, na anayeshika kitu kibovu hutajwa sawasawa na aliyekiharibu. Wala ushahidi wa sefu modi haukuwa mzito kama kijana alivyoudhani. Ni kweli kwamba mashine ilifunguka pale draiva mpya ilipowekwa kando. Lakini pale pale kadi nayo ilikuwa imewekwa kando, kwa kuwa draiva ya msingi haiifanyishi kadi kazi nzito, haiiongezei kasi, wala haiifanyi ivute umeme mwingi. Draiva mbovu ingeleta sura hiyo. Kadi mbovu ingeleta sura hiyo hiyo. Umeme usiotosha nao ungeileta. Dhana zilikuwa tatu na dalili zilizitumikia zote sawasawa, na maadamu mambo yako hivyo, kuchagua moja kwa kuwa ndiyo iliyotangulia kusemwa ni dhuluma, hata kama anayedhulumiwa ni programu.

Basi akatafuta jaribio ambalo lingezitenganisha. Alirudisha draiva ya zamani, ile ambayo kijana aliitumia miezi mingi bila taabu, akaiambia mashine ianze upya kwa amri ya kuanza upya, wala hakuizima na kuiwasha kwa kitufe. Maana tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima si kuzima kweli kweli: ili kuharakisha kuwaka, mfumo huihifadhi kerneli pamoja na draiva zake katika diski na kuirudisha vile vile ilivyokuwa, hata mtu akadhani ameanza safi kumbe anaendelea na ya jana. Wangapi wamezima na kuwasha, wakazima na kuwasha, wakila yamini kwamba wamejaribu kila kitu! Mashine ikaanguka na draiva ya zamani. Kijana akanyamaza. Fundi akasema huenda mabaki ya ile mpya yamesalia, akaingia tena sefu modi, akachomoa waya wa mtandao ili Windows isije ikajipakulia draiva yenyewe nyuma ya mgongo wake, akafuta kila athari ya draiva za grafiki kwa programu ya kazi hiyo, akaiweka ya zamani peke yake. Ikaanguka vile vile.

Ndipo alipoweka mikono magotini, akamgeukia kijana, akauliza kwa sauti ya upole, "Mwanangu, jana kabla ya kuweka draiva, uligusa nini kingine?"

"Sikugusa kitu, mzee. Nilipuliza vumbi tu."

Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi. Kijana hakusema uwongo. Kwake yeye kuweka draiva kulikuwa ni badiliko, kwa sababu kulikuwa na jina, na namba, na dirisha lililouliza kama anakubali. Kupuliza vumbi hakukuwa badiliko, kulikuwa ni usafi, na mtu hahesabu usafi miongoni mwa matendo yake. Lakini ili apulize vumbi alililaza kasha ubavu, akachomoa kadi, akaisafisha, akairudisha, akachomeka tena waya zake, kisha akafunga kioo na kuweka draiva mpya ili mashine iwe njema nje na ndani. Mambo mawili yalitendwa katika saa moja, na moja likabeba lawama ya mawili.

Fundi akaichukua kadi akaitia katika mashine yake ya dukani, akaweka draiva ile ile mpya iliyotuhumiwa, na ikafanya kazi. Akaleta pawasaplai nyingine akaiunga na mashine ya kijana: ikawaka, ikafika mezani, ikacheza video bila kutetereka. Kijana alikuwa amekwisha kusimama kutaka kulipa. Fundi akamzuia, akarudisha pawasaplai ya kwanza pamoja na waya zake, na mashine ikaanguka tena. Hatua hii ya mwisho wengi huiruka kwa furaha ya kuona mashine imepona, nayo ndiyo inayoigeuza dhana kuwa yakini: kitu kilichoondoa maradhi kikiondolewa, maradhi yarudi. Pasipo hiyo, mtu hajui kama aliponya au kama ilijiponea.

Kisha akaushika waya unaoipelekea kadi umeme, akaugeuza mwishoni, akaniita nami nitazame. Kadi ya namna ile hupata wati 75 tu kutoka katika mlango wa mazabodi inamochomekwa, na zinazozidi huzipata kwa waya wa pekee wenye plagi ya vishimo 8, ambayo kwa kanuni hupitisha hadi wati 150. Katika vishimo vile kimoja kilikuwa kimebadilika rangi kuwa kahawia, na plastiki yake imevimba kidogo ukingoni, upana wa punje ya mtama. Usiku ule wa kupuliza vumbi, kifundo cha kushikia plagi hakikuwa kimefika mahali pake. Aliyeichomeka aliisukuma mpaka ikagoma, akadhani imeingia, wala haikulia ule mlio mdogo wa kukaa. Kazi ilipokuwa nyepesi, mgusano ule mchache ulitosha. Draiva kamili, iwe mpya iwe ya zamani, ilipoiamsha kadi na kuidai nguvu zake, haukutosha, na kadi ikanyamaza katika sekunde zile zile ambazo draiva ilikuwa imeishika.

Nisieleweke kuwa nazitetea draiva kwa jumla. Kesi nyingi za namna hii, pengine zilizo nyingi zaidi, draiva ndiyo mkosaji kweli, na kuirudisha ya zamani humaliza mambo kwa muda usiotosha kunywa kikombe cha kahawa. Hoja yangu ni kwamba neno "baada ya" lina hila kubwa, na hila yake haipungui kwa kuwa mara nyingi lapatana na "kwa sababu ya". Mwenye mashine hukumbuka lile badiliko lenye jina. Fundi ana wajibu wa kuyatafuta yasiyo na jina: vumbi lililopulizwa, meza iliyohamishwa, umeme uliokatika na kurudi kwa kishindo, kijiti cha RAM kilichoongezwa wiki iliyopita na ambacho hakikudaiwa kazi yoyote mpaka leo.

Wako mafundi, tena hodari wa mikono, ambao hawangefika kote huko. Wangesema neno moja: piga Windows upya. Kupiga Windows, katika maduka yetu, kumekuwa dawa ya kila homa; mashine nzito hupigwa Windows, yenye virusi hupigwa Windows, isiyotoa sauti hupigwa Windows. Nakiri kwamba yako maradhi ambayo hayana dawa nyingine, na kwamba fundi mwenye foleni ya wateja mlangoni hana muda wa kuwa mwanafalsafa. Hata hivyo nachukia jambo hili, nami nitasema kwa nini. Aliyepiga Windows amefuta ushahidi wote kwa pamoja: kumbukumbu za maanguko, orodha ya draiva, mapendeleo ya mwenye mashine, na pengine, kwa haraka ya mkono, hata kanda ya harusi ya watu. Mashine ikipona hajui ilikuwa inaumwa nini. Isipopona, kama ile ya kijana ambayo isingepona, amerudi alikoanzia akiwa maskini zaidi wa maarifa kuliko alipoanza, na mteja amelipa kwa ajili ya umaskini huo.

Jukumu la kile kilicho baina ya viungo halimwangukii kijana wa Kariakoo peke yake. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike, ambayo programu yake ya ulinzi ina draiva inayokaa ndani ya kerneli, ilituma kwa wateja wake faili dogo la maelezo mapya. Faili lenyewe halikuwa draiva, na kwa hiyo halikupita katika uchunguzi mrefu unaopitiwa na draiva. Lakini lilisomwa na draiva, nayo ilitaka kusoma thamani 21 mahali palipoletwa 20, ikanyoosha mkono kuichukua ile ya 21 katika kumbukumbu isiyokuwa yake. Kerneli ikasimama, kama ilivyofundishwa kusimama. Faili liliondolewa baada ya dakika 78, lakini mashine zilizokwisha kulipokea aghalabu hazikuweza kuambiwa chochote kwa mtandao, kwa kuwa zikiwaka zilianguka kabla ya kufika kwenye mtandao. Microsoft ilikadiria kwamba zilikuwa milioni 8.5. Ndege zilibaki chini, hospitali ziliahirisha kazi, mabenki yalikwama. Dawa yake ilikuwa ni ile ile ya kigoda cha fundi: mtu aende kwa miguu mpaka kwenye mashine, aingie sefu modi, afute faili, awashe upya, kisha aiendee inayofuata. Penye diski zilizofungwa kwa siri ya tarakimu, ilibidi kwanza itafutwe tarakimu yake, na pengine tarakimu hizo zilihifadhiwa katika mashine nyingine iliyokuwa imeanguka pia.

Yako mawazo ya kuipunguza amana ile. Huko Amsterdam, Profesa Andrew Tanenbaum na wenzake walitoa MINIX 3 mwaka 2005, mfumo ambao draiva zake hukaa nje ya kerneli pamoja na programu za kawaida, na draiva ikifa, mlinzi mmoja ndani ya mfumo huifufua, mara nyingi mtumiaji asitambue. Gharama yake ni kasi, kwa sababu kila ombi lazima livuke mpaka na kurudi, na kwa miongo mingi dunia imechagua kasi. Mnamo Novemba 2024 Microsoft ilitangaza mpango wa kuwawezesha watengenezaji wa programu za ulinzi kuzitoa programu zao nje ya kerneli. Nafurahi kusikia hayo, ingawa nahuzunika kwamba hoja iliyokuwa wazi miaka 20 kabla yake ilingoja ndege zibaki chini ndipo isikilizwe.

Mpaka mifumo ibadilike, amana yabaki kwa aliyeiunga mashine, nami naona inatimizika kwa mambo ambayo si magumu. Asibadilishe vitu viwili kwa siku moja, na usafi auhesabu kuwa ni kitu. Kabla ya draiva mpya aihifadhi ile ya zamani katika flashi, na aweke alama ya kurejea, ambayo Windows imekuwa nayo tangu mwaka 2000. Tarakimu za diski iliyofungwa aziandike mahali pasipohitaji umeme kusomwa. Yule fundi wa Kariakoo, alipomaliza kubadilisha waya, aliikata karatasi ya daftari, akaandika kwa kalamu jina la mazabodi na toleo la bayosi yake, RAM na kasi zake, pawasaplai na wati zake, namba ya draiva ya grafiki, na chini kabisa: waya wa kadi umebadilishwa, pamoja na tarehe, akaibandika kwa gundi upande wa ndani wa kifuniko cha chuma, mahali ambapo hapana feni wala joto. Kijana akauliza ni ya nini, maana yote hayo anayajua kwa kichwa. Fundi akamjibu kwamba haikuandikwa kwa ajili yake, imeandikwa kwa ajili ya fundi atakayeifungua baadaye, ambaye huenda asiwe yeye, na huenda kijana mwenyewe asiwepo pale kuulizwa.